Mwanachuo wa michezo minne anahitaji daftari moja

Mhariri,

Kila mashindano ya vyuo yanapokaribia, kurasa za michezo hazikosi kijana wao. Asubuhi kafunga mabao mawili, mchana kacheza wavu hadi wapinzani wakaomba poo, jioni kashika kijiti cha mwisho kwenye mita 4x400. Picha inatoka, mkuu wa chuo anampa mkono, wenzake bwenini wanambatiza jina la Kiraka. Ila habari hiyo ina nusu ya pili ambayo haipigwi picha. Mwezi mmoja baadaye yule yule anachechemea, ana sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, na ukiwauliza walimu wa michezo yake, kila mmoja atakuapia kwamba kwake hakuumia.

Sisi ni walimu wa michezo na makocha tunaofanya kazi na wanachuo hapa Dodoma, na hoja yetu ni moja. Michezo mingi haimharibu mwanachuo mwenye kipaji. Kinachommaliza ni kumgawa kwa makocha wanne wasiosemezana, kisha kumpanga katika kila mchezo ndani ya wiki moja. Tutaeleza namna ya kumtunza, tena kwa hesabu, maana nasaha za jumla zimeshatolewa za kutosha.

Tuanzie mbali kidogo. Jackie Robinson anajulikana duniani kwa sababu Aprili 15, 1947 aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers akavunja ukuta uliokuwa umewafungia nje wachezaji weusi katika ligi kuu za besiboli za Marekani kwa zaidi ya nusu karne. Besiboli si mchezo wetu, ingawa familia yake ilitufikia: mwanawe David alihamia Tanzania akawa mkulima wa kahawa kule Mbozi. Kinachotuhusu hapa ni miaka yake ya chuo. Akiwa UCLA, Los Angeles, kati ya 1939 na 1941, alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa chuo hicho kupata nembo ya heshima ya timu katika michezo minne: mpira wa Kimarekani, kikapu, riadha na besiboli. Mwaka 1940 alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani wa kuruka chini kwa mita 7.58. Kwenye kikapu aliongoza kwa pointi katika kanda yao misimu miwili mfululizo.

Wapo wanaosoma orodha hiyo wakasema: basi inawezekana, kijana wetu atiwe kila timu. Wasome na kalenda. Mpira wa Kimarekani huanza Septemba na kuisha karibu na Desemba. Ukiisha ndipo kikapu kinashika kasi, hadi Machi. Riadha na besiboli zinafuata. Kwa sehemu kubwa ya mwaka mwili wake ulikuwa na bwana mmoja tu, na misimu iliyogongana ilikuwa ile miwili ya mwisho. Mwaka 1938, kabla hajafika UCLA, aliwahi kuruka mita 7.78 kisha akakimbizwa kwa gari kwenda mji mwingine kucheza besiboli siku hiyo hiyo. Watu husimulia kisa hicho kwa sababu hakikuwa cha kawaida. Kwetu sisi hiyo ndiyo ratiba ya kila mashindano.

Kuna jambo jingine katika rekodi zake ambalo makocha wengi hawalipendi. Msimu wa 1940, mwaka ule ule wa ubingwa wa kuruka, wastani wake wa kupiga mpira wa besiboli chuoni ulikuwa 0.097, yaani hakufikisha hata mpigo mmoja uliofaulu katika kila mara kumi. Huo ulikuwa mchezo wake dhaifu kuliko yote minne, na ndio uliokuja kumlisha: mwaka 1949 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake akiwa na wastani wa 0.342. Ndiyo maana hatuafikiani na kocha anayembana kijana wa miaka 20 achague mchezo mmoja leo leo. Muda wa kuchagua upo. Kinachotakiwa ni afike huko akiwa mzima.

Sasa tutazame kwetu. UMITASHUMTA na UMISSETA za shuleni, SHIMIVUTA ya vyuo, na michezo ya vyuo vikuu chini ya TUSA, zote zina mtindo mmoja: timu zinakusanywa kituo kimoja, michezo yote inachezwa kwa siku chache mfululizo, kila mtu anarudi kwao. Sababu tunaielewa. Nauli na malazi ya mara moja ni nafuu kuliko ligi ya miezi mitano, na Dodoma hadi Mtwara si mwendo wa bodaboda. Lakini mtindo huo unakilazimisha chuo chenye bajeti ndogo kusafiri na watu wachache wanaocheza kila kitu. Kiti kimoja cha basi, jezi tatu. Mara nyingi Kiraka anazaliwa na nauli, kipaji kinafuata nyuma.

Dawa ya kwanza haina gharama: daftari la kawaida la kurasa mia, mali ya mchezaji, linalotembea naye kila uwanja anaokwenda. Nusu saa baada ya kila zoezi au mechi anaulizwa: kuanzia sifuri hadi kumi, kazi ya leo ilikuwa ngumu kiasi gani? Sifuri ni sawa na kukaa kitako, kumi ni kutobakiwa na kitu. Namba hiyo inazidishwa kwa dakika alizofanya kazi. Aulizwe pembeni, peke yake. Mbele ya wenzake, na hasa mbele ya kocha anayepanga kikosi, kila mmoja husema nne.

Chukua wiki ya kawaida ya mwanachuo wa michezo minne. Jumatatu soka dakika 90 kwa ugumu wa 6, inakuwa 540. Jumanne wavu dakika 60 kwa 5, ni 300, na jioni ile ile riadha dakika 45 kwa 8, ni 360. Jumatano soka tena, 90 kwa 7, ni 630. Alhamisi kikapu, 60 kwa 6, ni 360. Ijumaa riadha, 45 kwa 7, ni 315. Jumamosi mechi ya soka, 90 kwa 9, ni 810. Jumapili, ambayo ingekuwa ya kupumzika, kuna bonanza la kikapu, dakika 40 kwa 8, ni 320. Jumla ni 3,635.

Mwalimu wa soka anaona 1,980 zake. Wa kikapu anaona 680, wa riadha 675, na yule wa wavu anaona 300 na kulalamika kwamba kijana ni mvivu. Hakuna anayeona 3,635. Tuseme wiki tatu zilizotangulia jumla yake ilikuwa inacheza kwenye 2,200. Hilo ni ongezeko la asilimia 65 kwa wiki moja, wakati kanuni tunayoishika ni kutozidisha asilimia 10 hadi 15 kutoka wiki moja kwenda nyingine. Mwili hauvunjiki kwa sababu mzigo ni mkubwa tu. Huvunjika zaidi mzigo unapopanda ghafla, na ndiyo maana wanaoumia sana ni wale waliokaa likizo bila mazoezi kisha wakaitwa kambini siku kumi kabla ya mashindano.

Daftari bila mwenye mamlaka ni karatasi tu. Mwalimu mmoja ateuliwe kuwa msimamizi wa mchezaji huyo, awe na haki ya kusema "leo hachezi" na wengine wanyamaze. Msimamizi na mchezaji wakubaliane mapema mchezo mama ni upi, wa pili ni upi, na michezo inayobaki iwe ya kuokoa jahazi tu, kama kuingia dakika 15 za mwisho. Siku moja ya wiki isiwe na mchezo wowote. Baada ya mechi ya dakika 90, zipite saa 48 kabla ya mbio za kasi kamili. Kila asubuhi, kabla hajanyanyuka kitandani, ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Yakizidi kawaida yake kwa kama kumi siku mbili tatu mfululizo, huku usingizi ukiwa mbovu, apunguziwe kazi hata kama anasema yuko fiti.

Si kila mchanganyiko wa michezo una hatari sawa. Soka na mita 800 au 1,500 vinaelewana vizuri. Mbio fupi na kuruka chini ni ndugu. Soka na mita 100 ndipo nyama za nyuma ya paja zinapochanika, kwa kuwa miguu iliyochoka inaombwa kasi ya mwisho. Wavu, kikapu na kuruka juu kwa pamoja humaliza kano iliyo chini ya pia ya goti. Hapo ahesabiwe miruko, si dakika. Mkuki, wavu na mpira wa mikono hukutana begani.

Kwa paja kuna zoezi moja lisilohitaji kifaa. Mchezaji anapiga magoti juu ya kitu laini, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, kisha anajishusha kifudifudi polepole kadiri awezavyo, mwili ukiwa umenyooka kuanzia goti hadi bega, na kujidaka kwa mikono akifika chini. Wiki ya kwanza mara moja tu, seti 2 za 5. Ya pili, mara mbili kwa wiki, seti 2 za 6. Ya tatu, mara tatu, seti 3 za 6 hadi 8. Ya nne, seti 3 za 8 hadi 10. Kuanzia ya tano hadi ya kumi, seti za 12, 10 na 8. Limefanyiwa utafiti mwingi na hupunguza majeraha ya paja kwa kiasi cha nusu. Kosa la kawaida ni kuruka wiki mbili za mwanzo. Mchezaji anaamka hawezi kushuka ngazi za bweni, na zoezi linaishia hapo milele. Pamoja na hilo kuna programu ya kupasha moto ya FIFA 11+, dakika 20: nane za kukimbia polepole, kumi za nguvu na mizani ya mwili, mbili za kasi. Angalau mara mbili kwa wiki. Wale wanaozunguka uwanja mara mbili na kunyoosha miguu hawajapasha moto chochote.

Kwa wasichana wa netiboli tunaongeza neno. Sheria ya mchezo huo inamlazimisha mchezaji kusimama ghafla anapodaka mpira na kuutoa ndani ya sekunde tatu, na goti la mwanamke huchanika kano kwa urahisi zaidi kuliko la mwanamume katika michezo ya kuruka na kukata kona. Afundishwe kutua kwa miguu miwili inapowezekana, magoti yakiwa yamekunjika na kuelekea mbele, yasikutane katikati. Ukisikia goti limelia "pa" na likavimba ndani ya saa chache, mchezo umekwisha siku hiyo. Apelekwe hospitali ya rufaa, kwa kuwa kano ya mbele ya goti ikikatika na kufanyiwa upasuaji, kurudi uwanjani ni suala la miezi tisa au zaidi. Na akikosa hedhi miezi mitatu, huku hana ujauzito, hiyo si dalili ya mazoezi mazuri. Mara nyingi anakula kidogo kuliko anachotumia, mifupa nayo inalipa. Amwone daktari.

Tumechoka pia na ile tabia ya kumkanda majeruhi kwa maji ya moto na dawa ya kuchua papo hapo. Saa 48 za kwanza hakuna joto wala kuchua. Funga bandeji ya kubana kiasi, nyanyua mguu, mwache apumzike. Kurudi kwake kuwe kwa ngazi: atembee bila maumivu, akimbie polepole, aende nusu ya kasi, robo tatu, kisha kasi kamili mazoezini. Mechi haipaswi kuwa kipimo cha kwanza.

Uwanja wa hapa una mambo yake. Mvua huisha karibu na Mei, na ikifika Agosti kiwanja kisicho na nyasi hakibonyei hata kidogo. Njumu za meno marefu hazizami, mchezaji anasimama juu ya vichwa vya meno, nyayo zinawaka na goti linakosa msingi. Kwa ardhi hiyo zinafaa njumu za meno mafupi na mengi, au raba. Lakini raba za kukimbilia zisitumike kwenye wavu na kikapu: zina kisigino kinene na laini, na mtu akienda pembeni kwa kasi kifundo kinageuka. Chuo kikiwa na fedha ya jozi mbili tu kwa mchezaji, tungenunua hizo mbili kabla ya tracksuti ya gwaride.

Shimo la kuruka chini ndilo linalotutia aibu zaidi. Vipimo si siri: njia ya kukimbilia angalau mita 40 kwa urefu na mita 1.22 kwa upana, ubao wa sentimita 20 uliolingana na ardhi, ukiwa mita 1 hadi 3 kabla ya shimo, shimo lenye upana usiopungua mita 2.75, na mwisho wake uwe mita 10 au zaidi kutoka ubaoni. Ubao ukiinuka hata sentimita moja, kisigino kitaupata. Mchanga tunauchukua korongoni, na huo una kokoto, kwa hiyo upitishwe kwenye wavu wa chuma kwanza. Kina kiwe sentimita 30 hadi 40. Halafu kuna jambo linalosahaulika: mchanga wa shimo, kwa jua letu, hubaki laini juu kwa kina cha kidole, chini umeshikana. Mrukaji anatua, visigino vinapita ile tabaka laini na kugonga chini. Unatakiwa kuchimbuliwa wote kwa koleo jioni ya kuamkia mashindano, kumwagiwa maji, kusawazishwa kwa reki, na kumwagiwa tena asubuhi. Kazi ya watu wawili kwa saa moja. Tukiwa hapo hapo kwenye vipimo: eneo la kupokezana vijiti mita 4x100 sasa ni mita 30. Bado tunaona viwanja vinachorwa mita 20 za zamani.

Hewa kavu ya Dodoma hudanganya. Jasho hukauka kabla halijaonekana, mchezaji anadhani hakupoteza maji. Mizani ya bafuni inatosha: apimwe kabla na baada, na kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Anywe lita moja na robo hadi moja na nusu kwa kila kilo, kidogo kidogo. Mwenye kilo 60 akipungua zaidi ya kilo 1.2 ameshavuka asilimia 2, na kasi yake itashuka mchezo unaofuata. Kama mchezo huo ni siku hiyo hiyo, achanganye lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha.

Chakula cha kambi kwa kawaida ni chai na maandazi mawili saa moja asubuhi, kisha wali unaofika saa tisa. Kwa anayecheza mara mbili kwa siku hiyo ni njaa yenye ratiba. Ndani ya saa ya kwanza baada ya mchezo mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 60 za wanga, ambazo ni takriban gramu 80 za unga mkavu. Uji wa uwele wenye sukari na karanga za kusaga, uliobebwa kwenye chupa ya chai, unafanya kazi hiyo kwa bei ndogo. Mayai matatu au gramu 80 za karanga zitampa protini ya kukarabati misuli. Chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Isubiri saa moja.

Masomo ndipo maisha ya baadaye yanapoharibikia. Katika vyuo vingi kazi za muhula zina alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Testi moja na asaimenti mbili zikipotea kambini, mtu anaingia kwenye mtihani akiwa nusu njia ameshafeli. Barua ya ruhusa ipelekwe kwa mkuu wa idara na kwa mshauri wa wanafunzi wiki mbili kabla ya safari, ikiwa na orodha ya testi zote zitakazogongana na tarehe anazoomba kuzifanya. Nakala yenye muhuri abaki nayo mchezaji. Barua inayoandikwa baada ya kurudi na kombe haiitwi ruhusa, inaitwa utetezi. Na bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo, lisitumike kulisha timu. Tumeona wanaokopesha kambi kisha wanamaliza muhula kwa kuungaunga.

Hata Robinson hakuhitimu. Aliondoka UCLA mwaka 1941 ikiwa imebaki miezi michache, kwa sababu ya fedha. Tena alikuwa na mfano nyumbani: kaka yake Mack alishinda fedha ya mita 200 kwenye Olimpiki ya Berlin 1936, nyuma ya Jesse Owens, akarudi Pasadena kufagia barabara. Jackie alifanikiwa kuliko kaka yake, lakini alistaafu Januari 1957 akiwa na umri wa miaka 37, akaingia kwenye biashara kama makamu wa rais wa kampuni ya kahawa ya Chock full o'Nuts, akashiriki kuanzisha benki ya Freedom National pale Harlem. Kisukari na moyo vilimwandama, akafariki Oktoba 24, 1972 akiwa na miaka 53. Mwaka uliofuata mkewe, Rachel, alianzisha taasisi yenye jina lake ambayo inalipia wanafunzi masomo ya chuo.

Kwetu mifano ya maisha baada ya medali ipo, na si ya aina moja. Suleiman Nyambui alikwenda Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, akatwaa ubingwa wa mita 10,000 wa vyuo vya Marekani mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na katikati yake akachukua fedha ya mita 5,000 Moscow 1980. Baadaye akawa kocha na katibu mkuu wa chama cha riadha. Filbert Bayi, aliyechukua fedha ya kuruka viunzi na maji mita 3,000 katika michezo hiyo hiyo, alianzisha shule. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma na mshindi wa New York Marathon 1989 kwa saa 2:08:01, alikuwa mwanajeshi. Alphonce Simbu wa Singida, bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025, naye ni wa jeshi. Timu za majeshi bado ni mlango mkubwa kuliko yote kwa kijana wa riadha, na hatuoni haya kulisema.

Kwa Kiraka asiyefika huko, ambao ndio wengi, faida yake ni kwamba anajua michezo kadhaa kutoka ndani. Mtu wa aina hiyo ni mwalimu wa michezo aliye tayari nusu. Akiwa bado mwaka wa pili achukue kozi ya uamuzi au ya ukocha ngazi ya chini. TFF huendesha za leseni D, na vyama vya michezo mingine navyo huendesha za kwao. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kinatoa mafunzo kamili. Kozi moja kila likizo ndefu, na atahitimu ana vyeti vitatu pembeni ya shahada. Ofisi za umma na mashirika nayo yana mashindano ya SHIMIWI, SHIMISEMITA na SHIMMUTA, huko bado wanatafuta wachezaji, ingawa hatumshauri mtu ajenge maisha juu ya hilo.

Mwili nao una hesabu yake ya kuondoka. Aliyekuwa akifanya mazoezi siku sita akiacha ghafla siku ya mahafali, pumzi inashuka ndani ya wiki tatu nne, ila hamu ya kula haishuki. Apunguze kwa miezi mitatu: siku nne, kisha tatu, na asiende chini ya dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Apime shinikizo la damu na sukari kila mwaka. Goti lililowahi kuchanika linahitaji mguu wenye nguvu maisha yote.

La mwisho ni kumbukumbu, nalo tunaliomba kwa wanaoandaa mashindano kama tunavyoliomba kwa wachezaji. Matokeo hubandikwa ukutani, siku ya tatu upepo umeyachukua. Mchezaji apige picha karatasi yenye sahihi ya mwamuzi mkuu, tarehe na jina la uwanja, na atume nakala kwa watu wawili. Anayeomba nafasi ya masomo nje kwa njia ya michezo ataulizwa muda wake ulipimwa vipi. Saa ya mkono huongezewa sekunde 0.24 kwenye mita 100 na 200, na 0.14 kwenye mita 400, hivyo 10.6 ya mita 100 inasomwa 10.84. Upepo wa nyuma ukizidi mita 2 kwa sekunde, muda wa mita 100 na 200 na umbali wa kuruka chini haviingii kwenye rekodi, na kwa upepo wa Dodoma wa Julai hadi Septemba, matokeo yasiyo na kipimo cha upepo hayaaminiki. Kipimo hicho kikikosekana, mwandishi wa matokeo aandike hivyo pembeni, pamoja na neno "saa ya mkono". Akiacha nafasi wazi, kocha wa upande wa pili atakisia mwenyewe, na hakisii kwa faida ya kijana.

Walimu wa michezo na makocha wa vyuo,
Dodoma